Mwanangu kachaguliwa kwenye utafiti wa dawa ya minyoo: nitie saini?

*Swali: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Micheweni, Pemba. Mwanangu wa tatu ana miaka tisa. Wiki iliyopita alirudi skuli na kikopo cha kutilia choo, na Jumamosi tukaitwa wazee, tukaambiwa kuna utafiti wa dawa mpya ya minyoo. Watawatoa watoto damu. Wengine watapewa dawa mpya, wengine ile ya siku zote, wengine kidonge kisicho na kitu ndani, na ati hata wao wenyewe hawatajua nani kapewa nini. Nimepewa karatasi nitie saini. Mume wangu yuko Unguja kikazi, anasema nisitie, hawa wanawafanyia watoto wetu majaribio kwa kuwa sisi masikini, kwao hawathubutu. Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema mumiani hao. Mwalimu naye ananambia nisiwe mkaidi, dawa ni bure. Nikikataa, mtoto atanyimwa dawa ya skuli? Nimekwama. Bi M.*

Wa alaykum salaam Bi M. Nianzie mwisho wa swali lako, maana naona ndipo penye kero. Ukikataa, mwanao hanyimwi kitu. Dawa ya minyoo inayogawiwa skuli ni mpango wa Wizara ya Afya. Ilikuwepo kabla ya watafiti hawa na itakuwepo wakishaondoka. Siku yake ikifika atameza kama wenzake. Haandikwi popote kuwa mama yake mkaidi, na ukimpeleka kituo cha afya kwa homa hakuna wa kukuuliza ulisaini au hukusaini. Mwalimu amekosea kukwambia vile, hata kama nia yake njema. Kazi yake siku ile ilikuwa kufungua darasa wazee wapate pa kukaa, basi.

Karatasi uliyopewa ni fomu ya ridhaa. Neno hili sote tunalijua kwenye ndoa: mwari huulizwa, na akinyamaza huhesabiwa karidhia. Kwenye utafiti mambo ni kinyume, aliyenyamaza hakuridhia. Na aliyetia saini kwa haya, kwa sababu sheha kakaa pale mbele na jirani keshatia, huyo naye kwa kweli hakuridhia, ila karatasi haioneshi. Hata aliyeridhia leo anaweza kughairi kesho, mtoto keshapimwa na dawa keshameza, na asiulizwe kwa nini. Nakala moja ni yako, ibaki nyumbani. Asiyejua kusoma hutia dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa mradi. Mtoto wako mwenyewe, kwa umri wake, naye aelezwe kwa maneno ya kitoto na aulizwe. Akisema hataki sindano, saini yako haimshiki mkono.

Mumeo yuko mbali, na kikanuni saini ya mzazi mmoja kwa kawaida inatosha. Lakini mimi nisingekushauri utie kimyakimya halafu aje asikie barazani. Mpigie simu siku utakayokwenda kuonana na watafiti, weka sauti ya juu, aulize mwenyewe anachotaka. Mtafiti anayekereka kuulizwa na baba wa mtoto kwa simu ana kasoro, na ni vizuri ukaijua mapema.

Mama mkwe usimcheke. Hadithi za mumiani zimeenea mwambao mzima tangu enzi za ukoloni: watu wanakamatwa usiku, wanatolewa damu, damu inageuzwa dawa. Mtu aliyekulia ndani ya hadithi hizo, leo akaona gari jeupe limeegeshwa skuli na vijana wenye glavu wanawafunga watoto mpira mkononi, unataka afikiri nini? Dawa ya hofu yake ni kipimo. Waambie watafiti wakuoneshe kichupa chenyewe kabla hakijatiwa kitu. Kama ni kuangalia wingi wa damu tu, ni tone la kidoleni. Kama wanataka kujua ini na figo za mtoto zinaichukuliaje dawa, watatoa kwenye mshipa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mchukulie bibi kijiko cha jikoni umuoneshe.

Tena kuna sababu nyingine ya watu kutudhania mumiani, nayo tumejitakia. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mkusanya sampuli kwenye mradi mmoja. Tulikaa kijiji cha pwani siku tatu, tukachukua mkojo na choo cha watoto wote wa skuli, tukapakia, tukaondoka. Miezi minane baadaye nilipita pale kwa shughuli ya harusi. Mzee mmoja alikuwa kakaa chini ya mkungu anafuma dema. Aliponiona akaacha zile fito, akanambia, "Mwanangu, kile choo chetu kilisemaje?" Sikuwa na jibu. Majibu tulikuwa nayo, yamo kwenye kompyuta, tumeshayapeleka kwenye mkutano, ila hakuna aliyefikiri kumpelekea yeye. Tangu siku hiyo mradi wowote nitakaoshiriki nauliza kwanza: tarehe ya kurudi kijijini imeandikwa wapi? Na wewe uliza hivyo hivyo.

Sasa hoja ya mumeo, ambayo si ya kupuuzwa. Kwa nini kwetu?

Minyoo iko aina nyingi. Kuna ile mikubwa ya mviringo, kuna ya safura inayonyonya damu, na kuna mmoja tunamwita mjeledi, kwa sababu upande mmoja mwembamba kama uzi na upande wa pili mnene kama mpini. Ule uzi anauzamisha ndani ya ngozi ya utumbo mpana, akashika hapo hasa. Kidonge cha siku zote, albendazoli, kwa dozi moja kinaondoa minyoo mikubwa kwa watu kama 95 katika kila 100, safura kwa kama 80, lakini mjeledi kwa kama 30 tu. Hayo ni mahesabu ya tafiti za nchi nyingi zikikusanywa pamoja. Pemba mjeledi ni mkaidi zaidi: utafiti uliofanywa katika skuli mbili za kisiwani na kuchapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa mebendazoli, dawa ndugu yake, iliwaponya watoto asilimia 11.8, na albendazoli ikichanganywa na dawa nyingine iitwayo okzanteli ikafika asilimia 31.2. Huo mchanganyiko ndio ulioshangiliwa. Yaani kati ya watoto kumi, saba walirudi nyumbani na mjeledi wao.

Mtoto wa Uswisi hana mjeledi. Ukimpa dawa mpya utajua kama inamtapisha, hutajua kama inaua mnyoo, kwa sababu mnyoo hayupo. Na haikopesheki kutoka nchi jirani pia. Miaka michache iliyopita mchanganyiko wa albendazoli na dawa nyingine iitwayo ivamektini ulijaribiwa kwa wakati mmoja Pemba, Laos na Côte d'Ivoire. Pemba na Laos ulifanya kazi vizuri kuliko albendazoli peke yake. Côte d'Ivoire haukuongeza kitu. Watu wakakuna vichwa, hadi wanasayansi walipochunguza vinasaba wakakuta mjeledi wa kule ni wa jamii nyingine, wanafanana kwa sura tu. Kama tungesubiri Côte d'Ivoire watujaribie, tungeambiwa dawa haifai, na sisi kumbe ingetufaa.

Kwa hiyo kufanyika Pemba hakunitishi. Kinachonifanya niulize maswali ni umasikini wenyewe, na hapo namuunga mkono mumeo nusu. Mtu asiye na nauli, akiambiwa mtoto wake atapimwa bure na atapewa sabuni na juisi, ridhaa yake imeshaegemea upande mmoja kabla hajasomewa fomu. Ndiyo maana malipo kwenye tafiti huwa ya kurudisha nauli na muda uliopotea, si zaidi. Ukisikia mradi unatoa kitita, kaa mbali.

Ile habari ya kidonge kisicho na kitu ndiyo inayowachanganya wazee wengi, na sisi wataalamu tumeichafua zaidi kwa kukiita "dawa bandia", wakati dawa bandia kwa kila mtu ni ile inayokamatwa bandarini. Mimi nakiita kidonge kitupu. Kinafanana na dawa kwa rangi na umbo, ndani unga usio na kazi. Mtoto hapangiwi na daktari nani apate kipi. Kura ndiyo inayoamua, na majina ya kura yanafungiwa mbali, hata muuguzi anayempa maji ya kumezea hajui. Wanafanya hivyo kwa sababu sote tunajidanganya. Mama akijua mwanawe kapewa dawa mpya, kila tumbo likiuma atasema ni dawa, na kila akila vizuri atasema ni dawa. Fundi wa maabara akijua, jicho lake nalo litaegemea.

Kwa mjeledi, kumpa mtoto kidonge kitupu kwa wiki mbili tatu si kumwachia hatari, kwani mnyoo huyo keshaishi naye miezi na wala haui kwa wiki tatu. Baada ya siku kati ya 14 na 21 wanapima choo tena, kisha kila aliyebaki na minyoo anatakiwa apewe dawa bora iliyopo. Tafuta sentensi hiyo kwenye fomu yako. Kama haimo, usitie saini mpaka wakueleze.

Lakini nataka nikupe kisa kimoja, kilitokea hapo hapo kisiwani kwenu, na ndicho kinachonifanya nisimwamini mtu anayesema "dawa hii tunajua ni nzuri, wape tu wote".

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ilijulikana dunia nzima kuwa watoto wadogo wa nchi zetu wana upungufu wa damu, na kwamba madini ya chuma yanaongeza damu. Nani abishe? Shirika la Afya Duniani lilikuwa linashauri watoto wadogo wa nchi zenye tatizo kubwa wapewe chuma wote, bila kupimwa mmoja mmoja. Pemba, watafiti wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, ile ya Wawi iliyofunguliwa mwaka 2000, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakawafuatilia watoto zaidi ya 24,000 wa kuanzia mwezi mmoja hadi 35. Kura ikapigwa: wengine chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine zinki peke yake, wengine kidonge kitupu. Wengi walitegemea matokeo yatakuwa furaha.

Utafiti mkubwa wa namna hii huwa na bodi ya watu wa nje wanaofungua kura kwa siri katikati ya safari na kuhesabu wagonjwa na maiti. Agosti 2003 bodi ikasema simamisheni chuma. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa wanalazwa kwa maradhi makali au kufariki zaidi ya wenzao wa kidonge kitupu, hatari ikiwa imezidi kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa bado inatawala kisiwani wakati huo, na inaelekea chuma ikimkuta mtoto mwenye malaria inamnufaisha mdudu pia. Utafiti ndugu uliofanywa Nepal, kusiko na malaria kama ya kwetu, haukuona madhara hayo. Na Pemba penyewe, kwenye kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu kwanza, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Matokeo yalitoka mwaka 2006, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakabadilisha kauli yao: kwenye malaria nyingi, msiwape chuma watoto wote kiholela, mpimeni kwanza anayehitaji.

Hebu fikiri, Bi M. Kama Pemba isingepiga kura ile, chuma kingegawiwa kwa nia njema Afrika nzima, na watoto waliokufa wangezikwa kwa jina la malaria bila mtu kuunganisha. Lakini pia fikiri kuhusu akina mama wa Pemba waliokuwa upande wa chuma. Wao pia waliridhia. Siwezi kukwambia utafiti hauna hatari, nikishakusimulia hayo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kulikuwa na watu waliopewa kazi ya kukaa mbali na mradi na kuhesabu, na walipohesabu, walisikilizwa. Jambo la kwanza la kuulizia ni kama utafiti wenu una watu kama hao.

La pili, kibali. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha bara hakitoshi. Zanzibar ina kamati yake ya maadili chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya. Kwenye fomu yako panatakiwa pawepo namba ya kibali, simu ya mtafiti mkuu, na simu ya kamati yenyewe. Ya tatu ndiyo muhimu, kwa sababu ukiwa na malalamiko dhidi ya mtafiti huwezi kumpigia mtafiti. Ipige kabla ya kusaini, sekunde chache tu, uone kama kuna anayepokea.

La tatu, dawa yenyewe imetoka wapi. Hukunitajia jina. Lakini kama ni ile emodepsidi, ujue kuwa ilianza kama dawa ya minyoo ya mbwa na paka. Usishtuke, ivamektini nayo ilianzia kwa wanyama. Pemba ilijaribiwa kwanza kwa watu wa miaka 12 hadi 60, matokeo yakatoka 2023: kwa dozi ya miligramu 5, zaidi ya watu wanane katika kila kumi walipona mjeledi. Waliopata dozi kubwa zaidi baadhi yao waliona ukungu machoni, kichwa kikawauma, wakapata kizunguzungu, kisha yakapita. Huo ndio mpangilio unaotakiwa, wakubwa watangulie, watoto wafuate. Kwa hiyo muulize mtafiti wazi: dawa hii wakubwa wameshaimeza? Wangapi, na wakaona nini? Na mtoto wangu akiona ukungu usiku wa manane, nampigia nani, na nani analipa gari ya kumpeleka Wete?

Kuhusu sampuli, uliza kama zinabaki Pemba au zinasafirishwa. Kusafirishwa si haramu, ila kunahitaji kibali chake, na una haki ya kukubali utafiti ukakataa damu ya mwanao kuhifadhiwa kwa tafiti nyingine za baadaye. Mara nyingi fomu ina kisanduku cha hilo pembeni. Watu wanakitia alama bila kukisoma.

Ungekuwa dada yangu, na majibu ya maswali haya yakaja bila kigugumizi, ningekwambia tia. Mtoto wa miaka tisa mwenye mjeledi keshameza albendazoli ya skuli mara nyingi na mjeledi bado yumo. Lakini kigugumizi chochote kwenye lile la dawa baada ya utafiti, au la simu ya usiku, mrudishie karatasi yake na kikopo.

Na nikitaja kikopo, ukiamua kuendelea, chukua choo cha asubuhi ile ile, kiasi cha punje mbili tatu za karanga, na kifike skuli mapema. Maabara wanakisugua kwenye wavu kutoa makapi, wanajaza kitundu cha plastiki kinachobeba miligramu 41.7, wanafunika kwa selofeni iliyolowa gliserini, wanaweka chini ya hadubini. Yai la mjeledi ni kama pipa dogo la hudhurungi lenye kizibo huku na huku. Wanayahesabu moja moja, kisha wanazidisha kwa 24 wapate idadi kwa gramu. Yai la mjeledi linasubiri, la safura halisubiri: gliserini inalififisha, ukichelewa zaidi ya saa moja hulioni tena, na mtoto ataandikwa hana safura wakati anayo.

Mwambie pia mwanao kama hakupata haja asubuhi hiyo aseme tu hakupata, kikopo kirudi kitupu, ataletewa siku ya pili. Nimeshakaa kwenye hadubini nikasoma vikopo vinne vya darasa moja, hesabu ya mayai inakaribiana ajabu, safura kiasi kile kile, mjeledi kiasi kile kile. Tulipowaita wale wavulana, mmoja akakiri kuwa alipata haja kubwa asubuhi ile, akawagawia wenzake.